KONA YA NYUMBANI: Godoro gumu kwa pesa kidogo

Mwezi huu kona yetu inazungumza juu ya godoro. Wengine watacheka waseme, jamani, watu wanatafuta unga na ninyi mnaleta habari ya godoro. Lakini tumeona shuleni watoto wanasinzia saa nne asubuhi, na tukiwauliza wanasema usiku hawakulala, walikuwa wanne juu ya kitu kimoja chembamba na ardhi ilikuwa baridi. Na mama anayebeba jerikeni ya lita 20 mchana kutwa, usiku mgongo wake hauna pa kupumzika. Basi kulala nako ni chakula.

Tunajua pesa ni kidogo. Tangu mwaka 2023, WFP ilipoanza kugawa familia za wakimbizi hapa Uganda katika makundi ya mahitaji, kila shilingi inahesabiwa mara mbili. Ndiyo maana hatuwezi kununua godoro halafu baada ya miezi sita limekuwa kama chapati. Maskini akinunua kitu kibaya ananunua mara mbili.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, watu walipokimbia vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya na kuvuka Busia na Malaba. Maelfu waliingia Uganda. Wengi walikaa kituo cha Mulanda, wilaya hii ya Tororo, na baadaye wakapelekwa Kiryandongo. Watu walilala juu ya mkeka na turubali, blanketi moja kwa watu kadhaa. Ukikimbia hubebi godoro. Unabeba mtoto, sufuria na karatasi zako. Ndiyo sababu godoro ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo familia inataka ikianza kutulia, kwa kuwa anayenunua godoro amekubali kwamba hapa atalala kwa muda.

Zamani watu hawakuwa na sponji. Pwani walijaza godoro kwa sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, wakalaza juu ya kitanda cha kamba. Kuna kitanda cha kamba ambacho watu wa pwani walikiita teremka tukaze, yaani kamba zikilegea inabidi mshuke, mkaze, halafu mpande tena. Jina hilo linatufundisha kwamba hata wazee walijua kitanda kinachobonyea katikati hakimpumzishi mtu.

SPONJI NI NINI?

Magodoro mengi tunayoyaona Tororo mjini na Busia ni ya sponji. Aina hii ya plastiki inaitwa poliyurethani, na ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Kiwandani wanachanganya dawa za maji maji, zinafura kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, halafu linatoka bonge kubwa ambalo linakatwa vipande. Ndani yake kuna vishimo vidogo vidogo vya hewa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo tunapoibiwa. Bonge moja linaweza kuwa na dawa nyingi na hewa kidogo, na lingine hewa nyingi na dawa kidogo. Kwa macho yanafanana. Yote yamevalishwa kava la maua. Lakini lile lenye hewa nyingi litabonyea haraka, kwa sababu ndani hakuna kitu cha kukushikilia. Wauzaji wanaita lile zito "haidensiti". Hilo neno linaandikwa juu ya makava mengi, hata yasiyostahili. Usinunue neno. Pima.

KUPIMA KWA MZANI

Sponji inapimwa kwa kilo ngapi ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Kwa mtoto mdogo, sponji ya kilo 20 inatosha. Kwa mtu mzima anayelala hapo kila siku, tafuteni 25 kwenda juu, na kwa mtu mzito au watu wawili, 30 ni bora zaidi. Sasa tufanye hesabu, na watoto wa darasa la sita wawasaidie nyumbani.

Godoro la futi 3 kwa 6, unene inchi 4, lina ujazo wa mita 0.17. Zidisha kwa 25, unapata kilo 4 na robo. Hivyo:

- Futi 3 kwa 6, inchi 4: sponji ya 20 ni kama kilo 3.4, ya 25 ni kilo 4.2, ya 30 ni kilo 5.1.
- Futi 3 kwa 6, inchi 6: ya 20 ni kilo 5.1, ya 25 ni kilo 6.4, ya 30 ni kilo 7.6.
- Futi 4 kwa 6, inchi 6: ya 20 ni kilo 6.8, ya 25 ni kilo 8.5, ya 30 ni kilo 10.2.

Huo ni uzito wa sponji peke yake. Kava nalo lina uzito wake, kwa hiyo toeni kidogo. Kama muuzaji anasema hili la futi 4 kwa 6 la inchi 6 ni haidensiti, na mzani unasema kilo 5 pamoja na kava, basi mnajua mmeuziwa hewa. Mzani uko kila mahali, yule anayepima mahindi atawakubalia mkimwomba vizuri. Muuzaji akikataa godoro lake lipimwe, hilo nalo ni jibu.

Jihadharini na jambo moja. Kuna viwanda vinachanganya unga wa chaki ndani ya sponji ili iwe nzito. Sponji ya namna hiyo inamwaga vumbi jeupe ukiisugua, na inakatika ukivuta pembe kidogo. Kwa hiyo mzani peke yake hautoshi, tumieni na mikono pia.

MAJARIBIO SABA DUKANI

1. Fungua zipu. Godoro lisilofunguliwa ni mbuzi ndani ya gunia. Angalia kama ndani ni kipande kimoja au ni vipande vilivyogundishwa. Vipande vyembamba vilivyopangwa na gundi vitaachana. Lakini yale ya chengachenga za sponji zilizosagwa na kushindiliwa mpaka zikawa kitu kimoja kizito, hayo ni magumu na kwa pesa kidogo yanaweza kufaa.

2. Beba futi ya fundi cherehani. Pima unene kwa pembe zote nne na katikati. Linaloandikwa inchi 6 mara nyingine ni 5. Ile inchi moja umeilipia.

3. Bonyeza kwa ngumi kisha achia. Sponji nzuri inarudi juu mara moja. Inayorudi polepole na kuacha shimo imechoka kabla hujalala.

4. Piga goti. Weka godoro sakafuni, piga magoti katikati. Kama unasikia sakafu, halikufai mtu mzima. Nyonga na bega zitafika chini kama goti lilivyofika.

5. Lala. Usione haya. Lala chali, mtu wako apitishe mkono chini ya kiuno. Mkono ukipita na nafasi kubwa inabaki, godoro ni gumu mno kwako. Ukikwama kabisa na makalio yamezama, ni laini mno. Lala pia kwa ubavu dakika kumi, uone kama bega linauma.

6. Anayelala hapo ndiye ajaribu. Baba wa kilo 80 asimchagulie mama wa kilo 55, na bibi asichaguliwe na kijana. Kama ni wawili, walale wote wawili, waone kama wanabingirika katikati.

7. Tafuta alama ya ubora. Uganda ni shirika la viwango la UNBS, na alama yake ina herufi Q. Kenya ni KEBS. Alama haimaanishi litakaa miaka kumi, lakini linalouzwa bila alama, bila jina la kiwanda, bila risiti, ukipata shida utamlalamikia nani?

GUMU KIASI GANI?

Watu wengi wanaamini kwamba mgongo ukiuma dawa ni ubao. Hata sisi tulikua tukisikia hivyo nyumbani. Lakini mwaka 2003 madaktari huko Hispania walitoa utafiti katika jarida la Lancet. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wengine wakapewa godoro gumu sana, wengine gumu la kadiri. Baada ya siku 90, wale wa gumu la kadiri walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na hata wakati wa kuamka. Kwa hiyo tunalotaka ni godoro linalokubeba lakini linaachia bega na nyonga nafasi kidogo. Liwe gumu kama ardhi ya shamba lililolimwa na kukanyagwa, si kama mwamba wa Tororo.

Godoro si dawa. Ukiwa na maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, homa pamoja na mgongo, au umeanguka, nenda kituo cha afya. Na kama mkojo umeanza kukutoka bila kujua au miguu imekosa nguvu, nenda siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa wiki.

MTOTO MCHANGA

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, akina mama. Mtoto mchanga anatakiwa kulala chali juu ya kitu kigumu na bapa. Sponji laini, mto, nguo zilizorundikwa, vyote vinaweza kumfunika pua na yeye hana nguvu ya kugeuza kichwa. Kama pesa ya godoro moja tu gumu ipo na kuna mchanga ndani ya nyumba, mkeka wenye blanketi moja lililonyooshwa vizuri ni salama kwake kuliko sponji ya zamani yenye shimo.

MTUMBA NA GODORO LA KURITHI

Godoro lililotumika ni rahisi, lakini mara nyingi linakuja na wageni. Kunguni wanajificha kwenye mishono, kwenye zipu na chini ya lebo. Wanaweza kukaa miezi bila kula. Tafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu, na maganda ya rangi ya kahawia. Ukiona hivyo, usilibebe hata kama ni la bure, kwa sababu utaleta shida kwa safu nzima ya nyumba. Kava na mashuka yafueni kwa maji ya moto sana. Shimo la katikati halitengenezeki. Watu wanaligeuza, wanajaza matambara, lakini sponji iliyokufa imekufa. Inaweza kukatwa ikawa mto au kiti cha stuli.

NJIA ZA PESA KIDOGO

Tuseme godoro moja ni shilingi 60,000 za Uganda na linabonyea baada ya mwaka mmoja. Lingine ni 120,000 na linakaa miaka minne. Hizi ni namba za mfano tu, bei mtaziona dukani. Gawanyeni: la kwanza ni 5,000 kwa mwezi, la pili ni 2,500 kwa mwezi. Lile la bei ndogo ndilo ghali. Lakini tunakubali, mtu hana 120,000 mkononi leo. Basi zipo njia nne.

Ya kwanza ni chama. Watu kumi wakichanga kila mwezi, kila mwezi godoro moja linaingia nyumba moja. Wenye wajawazito, wazee na wagonjwa waanze. Andikeni majina na tarehe, mweka hazina awe mmoja na daftari lisomwe mbele ya wote.

Ya pili ni kununua pamoja. Watu watano wakienda duka moja siku moja wana nguvu ya kuongea bei kuliko mmoja. Na mnagawana nauli ya gari.

Ya tatu ni sponji bila kava. Maduka mengine yanakata kutoka kwenye bonge kwa kipimo chako. Unaona ndani yote, hakuna kilichofichwa, halafu fundi wa hapa kwetu anashona kava kwa kitambaa kizito. Pesa ya kava inabaki kwa jirani yako.

Ya nne ni kupunguza ukubwa, si ubora. Afadhali futi 3 kwa 6 iliyo nzito kuliko futi 5 kwa 6 ya hewa. Na watoto wana uzito mdogo, inchi 4 nzuri inawatosha. Inchi 6 ziende kwa wakubwa.

Jambo la mpaka. Tunajua watu wanasikia eti upande wa pili wa Busia ni rahisi. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kimefunguliwa rasmi na kupita kumekuwa haraka. Lakini ndugu yangu, kama nchi uliyoikimbia ni ile ya ng'ambo, kuvuka kwenda sokoni kunaweza kuleta maswali juu ya hadhi yako ya ukimbizi. Godoro halina thamani ya kupoteza karatasi yako. Uliza ofisi kwanza, au nunua Tororo. Ukihesabu nauli ya boda boda na usumbufu, tofauti ya bei mara nyingi inaishia njiani. Na anayelibeba kwa boda boda alikunje kama mkeka, alifunge vizuri, alivalishe nailoni wakati wa mvua. Sponji ikinywa maji inachukua siku nyingi kukauka.

UKISHALIPATA

Usiliweke juu ya ardhi tupu. Unyevu unapanda, sponji inaota ukungu, na mtoto anaanza kukohoa. Weka nailoni na mkeka chini, na kila asubuhi lisimamishe ukutani lipate hewa. Ukiweza, tengeneza kitanda cha miti au mbao za paleti, na nafasi kati ya mbao isizidi inchi 3, la sivyo godoro litazama katikati ya mbao hata likiwa la kilo 30.

Ligeuze kila mwezi, kichwa kiende miguuni. Lianike nje lakini usiache sponji tupu juani siku nzima, jua kali linaifanya iwe ya manjano na ikatike. Acha kava juu, saa chache, au tumia kivuli chenye upepo. Kama mtoto bado anakojoa, weka nailoni chini ya shuka na usimchape, kuchapa hakujakausha godoro hata moja. Neti ya mbu ichomekwe chini ya godoro pande zote.

Na moto. Sponji ya aina hii inashika haraka sana na moshi wake ni sumu, unaweza kumzimisha mtu kabla moto haujamfikia. Koroboi, mshumaa na sigara visikae karibu na mahali pa kulala. Wenye nyumba za nyasi mnatuelewa.

MASWALI YENU

Mama mmoja anauliza: "Mwalimu, mimi sina hata ya chama. Nifanye nini?" Mama, shona gunia safi mara mbili, ujaze nyasi kavu au majani makavu ya migomba, ushindilie sana, ugawanye kwa mishono kama mto wa vyumba vitatu ili nyasi zisikimbilie upande mmoja. Anika kila wiki, na ubadilishe nyasi zikianza kuwa vumbi. Ni gumu, linabeba mgongo, na halina deni.

Kijana anauliza kama godoro la springi ni bora. Springi nzuri ni nzuri kweli, lakini ya bei ndogo inachoma mbavu ikikatika, haikunjiki, na ukihamishwa hutaibeba. Kwa maisha yetu haya sponji nzito ni rahisi kubeba.

Mzee mmoja anasema ana miaka zaidi ya 60 amelala mkeka na hana shida. Mzee wetu, tunashukuru Mungu kwa mgongo wako. Kama unaamka bila maumivu, huna sababu ya kubadilisha. Lakini mke wako naye aulizwe.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya majiko na kuni kidogo. Mwenye swali alete kwa mwalimu yeyote au aandike kipande cha karatasi akiache darasa la nne. Na atakayekwenda kununua godoro mwezi huu apitie kwetu kwanza, futi tunayo, na wanafunzi wa hesabu wanataka kazi.

Kila la heri, na mlale vyema.

Walimu wenu wa kujitolea, Merikit